Darasa la bure la hisabati linahitaji nini kutoka kwa mzazi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa miaka kumi anakwenda kwenye darasa la hisabati la bure kila Jumamosi. Si tuisheni. Wanapewa mafumbo, wanabishana, na siku nyingine anarudi na swali moja tu ambalo hana jibu lake. Analipenda kuliko kitu kingine chochote. Juzi mwalimu anayeliendesha alituita wazazi akatueleza kwamba mfadhili wao anajitoa, na wasipopata wa kuwashika mkono huenda wakafunga. Nataka kusaidia lakini sijui nianzie wapi. Fedha nyingi sina, na mimi mwenyewe hesabu zilinishinda tangu shule ya msingi. Mume wangu anasema hachangii kitu ambacho hakijapandisha hata alama moja kwenye ripoti ya mtoto. Wazazi wengine wanataka tuweke ada ndogo ili watu waliheshimu darasa. Wewe umeifanya kazi hii miaka mingi. Unatushauri nini?

Jibu: Marahaba, mama. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, na nitaanza na la mumeo, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Kama darasa halina faida, hakuna haja ya kuumiza kichwa kwa kutafuta namna ya kulichangia.

Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa bila kubembelezwa. Alama za mtoto hazijapanda, na huenda zisipande mwaka huu. Tuisheni na darasa la mafumbo ni kazi mbili tofauti, ingawa zote tunaziita hesabu. Tuisheni inarudia kilichofundishwa shuleni mpaka mkono wa mtoto uizoee njia. Ni kazi halali, na mtoto aliyeachwa nyuma anaihitaji. Darasa analokwenda mwanao linampa swali ambalo hakuna aliyemwonyesha njia yake, kisha linamwacha nalo.

Nitakupa mfano, maana bila mfano tutabaki kwenye maneno. Kuna mashindano ya mtoano yenye timu 32. Hakuna sare, anayefungwa anarudi nyumbani. Zitachezwa mechi ngapi mpaka bingwa apatikane? Mtoto aliyefundishwa vizuri ataandika: raundi ya kwanza mechi 16, ya pili 8, halafu 4, halafu 2, na fainali 1. Jumla 31. Safi kabisa. Sasa mbadilishie: timu ni 37, kwa hiyo kuna raundi ambazo timu moja itapita bila kucheza. Hapo karatasi inaanza kujaa mishale, na kifutio kinapata kazi.

Swali hili nimeshalitoa kwa watoto wengi, na karibu kila kundi lina mmoja, mara nyingi siyo yule anayeongoza darasani, ambaye ananyamaza muda mrefu halafu anasema kwa sauti ya mtu asiyejiamini: "Lakini mwalimu, kila mechi inamrudisha mmoja nyumbani." Anachosema ni kikubwa kuliko anavyodhani. Timu ni 37, bingwa ni mmoja, lazima 36 zirudi nyumbani, na kila mechi inarudisha moja. Mechi ni 36. Zikiwa timu 1,000, mechi ni 999. Mishale yote ile ya karatasini haikuhitajika.

Wiki inayofuata nawapa chokoleti yenye vipande 24. Unaikata kwa kufuata mistari yake, pande moja kwa wakati, bila kupanga mapande juu ya mengine. Je, idadi ya chini kabisa ya mikato ni ipi? Wanajaribu kwa urefu, wanajaribu kwa upana, wanashindana nani kakata mara chache. Kila mmoja anapata 23 na kila mmoja anadhani mwenzake kamwigilizia. Halafu mtu anashtuka: ni lile lile la mpira! Kila mkato unaongeza pande moja, ulianza na moja, unataka 24. Mtoto aliyeuona undugu wa mpira na chokoleti ameshaonja kile ambacho wanahisabati wanakifanya mchana na usiku, na hakuna mtihani wa shule ya msingi wenye nafasi ya kuandika jambo hilo.

Je, baadaye linaingia kwenye alama? Kwa watoto wengine ndiyo, maana wanazoea kukaa na swali gumu bila kuogopa. Kwa wengine sikuona tofauti yoyote kwenye ripoti, lakini niliiona kwenye namna wanavyouliza. Mtu akikuahidi kwamba darasa la namna hii litapandisha alama ndani ya muhula mmoja, anakuuzia tuisheni kwa jina jingine. Nimeona pia madhara ya kulidai. Mfadhili mmoja alitaka kila muhula aletewe ripoti za watoto za shuleni, kisha akauliza kwa nini namba hazisogei. Mwalimu maskini akaanza kufanyisha mitihani ya miaka iliyopita. Wa kwanza kuacha kuja walikuwa wale waliokuwa wakiwahi kuliko wote, waliokuja kwa ajili ya mafumbo. Mwaka haukuisha.

Kwa hiyo usimwombe mumeo aniamini mimi. Mwambie aende Jumamosi moja, akae nyuma kwa saa nzima, na simu aizime. Aangalie nani anaongea. Mwalimu akiongea dakika 50 na watoto wakanakili, basi hata kama ni bure msitoe hata senti. Aangalie swali moja linaishi muda gani: dakika tatu ni zoezi, dakika thelathini ni fumbo. Asikilize kinachotokea mtoto anapokosea. Kwenye darasa zuri jibu lisilo sahihi linaandikwa ubaoni kama mengine, na watoto wenyewe ndio wanaolitafutia tundu. Tena asikilize kama neno "umejuaje?" linasemwa hata kwa aliyepatia. Hilo kwangu ni kipimo kuliko vyote. Mwalimu anayewauliza "umejuaje?" waliokosea peke yao anawafundisha watoto kwamba swali hilo ni adhabu.

Akitaka namba, zipo. Mwombe mwalimu daftari la mahudhurio. Watoto wangapi walioanza mwaka wangali wanakuja? Baada ya likizo ndefu wanarudi wangapi, hali hakuna anayewalazimisha? Wasichana ni wangapi? Mtoto wa miaka kumi anayeamka mwenyewe Jumamosi asubuhi kwenda kufikiri ameshapiga kura yake.

Sasa niende kwenye fedha. Umeandika kwamba mfadhili anajitoa, na umesema "mfadhili" kwa umoja. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Darasa linalobebwa na mtu mmoja linapoteza kila kitu siku akiondoka. Likibebwa na wazazi na majirani 20 wanaotoa sawasawa, akiondoka mmoja limepoteza asilimia 5, na Jumamosi ijayo mlango unafunguliwa kama kawaida. Ndiyo maana nasema kiasi chako kidogo kinaweza kuwa na uzito kuliko unavyofikiri, kwa sharti moja: kiwe cha kila mwezi. Anayetoa 10 kila mwezi kwa miezi kumi na anayetoa 100 siku moja wametoa sawa kwenye karatasi. Lakini kile cha kila mwezi mwalimu anajua kitakuja, kwa hiyo anaweza kuahidi muhula mzima. Kile cha mkupuo mara nyingi huishia kwenye kitu kinachoonekana.

Na vitu vinavyoonekana ndivyo vinavyotuponza. Mwaka mmoja tuliletewa vikombe 12 vya kung'aa kwa ajili ya washindi, vizuri kweli, vimechongwa majina. Muhula uleule tulikosa Jumamosi tatu mfululizo kwa sababu hatukuwa na cha kumpa mlinzi aliyetufungulia chumba. Simlaumu aliyeleta vikombe. Hakuna aliyemwambia kuhusu mlinzi, na kosa hilo lilikuwa letu. Tangu hapo nina kawaida: anayekuja kwangu akisema anataka kusaidia, nampa karatasi moja yenye matumizi yote ya mwezi, hata ya chaki, kabla hajanieleza ana mpango gani.

Mwombe mwalimu wenu karatasi hiyo. Utakuta haina mambo mengi: chumba, nauli au posho ya mwalimu, kitu cha kutia tumboni, nauli za watoto wanaotoka mbali, karatasi na fotokopi. Ningekuwa wewe, ningeanza na mwalimu. Watu wengi huona haya kumlipa mtu anayejitolea, kana kwamba fedha itamharibia nia. Ninachokijua ni kwamba mwalimu anayelipa nauli kutoka mfukoni mwake anavumilia mwaka mmoja, wa pili anachelewa, wa tatu anapata kazi nyingine ya Jumamosi na hawezi kulaumiwa. Chumba na posho vikishakuwa salama, chakula kinafuata. Mtoto mwenye njaa habishani kuhusu timu 37.

Vitabu ulivitaja kama jambo la kwanza la kununua? Hukuvitaja, ila najua kuna mzazi atavitaja. Mwambie asubiri. Mafumbo mazuri ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika kazi hii. Mradi wa NRICH wa Chuo Kikuu cha Cambridge unatoa mafumbo kwenye intaneti bila malipo tangu 1996, yamepangwa kwa umri, na mwalimu mwenye simu na karatasi ana ya kutosha miaka mingi. Kompyuta nazo ziache kwanza. Kinachofanya kazi ni ubao mkubwa, chaki, bodi ya drafti, kete, kamba, mkasi na karatasi zilizotumika upande mmoja.

Kuhusu ada. Hoja ya wazazi wenzako naijua: cha bure hakithaminiwi. Inasikika kama hekima na huenda ndiyo sababu haijaribiwi. Mahali palipofanyika jaribio la kweli, matokeo hayakuiunga mkono. Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya utafiti katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakauchapisha 2010. Kliniki nyingine zilitoa vyandarua bure, nyingine zikaviuza kwa bei ndogo tofauti tofauti. Waliopewa bure hawakuonekana kuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Na palipodaiwa asilimia 10 tu ya gharama, waliochukua walipungua kwa takriban pointi 60 za asilimia. Chandarua si darasa, nakubali, na mtu anaweza kusema mtoto si kitanda. Lakini fikiria nani anaondoka ada ndogo inapowekwa. Haondoki mzembe. Anaondoka yule ambaye mama yake angelazimika kuja kumweleza mwalimu kwamba mwezi huu haikupatikana, na akaona ni afadhali mtoto abaki nyumbani kuliko aibu hiyo. Mwalimu hatajua kilichotokea. Ataandika "hakuja".

Mkitaka watu waliheshimu darasa, dai kitu ambacho kila familia inacho. Sisi tulidai mahudhurio: ukikosa mara tatu bila taarifa, nafasi yako anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Tulidai daftari moja lisilotumika kwa kitu kingine. Tulidai kila mzazi awe na zamu moja kwa muhula ya kufagia chumba na kupanga viti, na hapo hata baba mwenye gari kubwa alishika ufagio. Michango ya fedha ikawa ya hiari, ikapitia kwa mtu mmoja, na majina hayakusomwa mbele ya watoto. Hili la mwisho lisimamie kwa nguvu zote, mama. Siku mtoto atakapojua kwamba baba wa mwenzake ndiye anayelipia chumba, wale wawili hawatabishana tena kama watu sawa. Na ubishi wa watu sawa ndiyo darasa lenyewe.

Fedha ikishaanza kukusanywa kwa wengi, hesabu zake ziwe wazi. Watu wawili wa kutia saini, risiti zihifadhiwe, na kila mwezi karatasi ileile ya matumizi ibandikwe mlangoni. Itakuwa ajabu darasa la hisabati lishindwe kujumlisha.

Umeniambia hesabu zilikushinda, na nadhani umeliandika hilo ili nikuruhusu usiingie darasani. Sikuruhusu. Msaada ambao madarasa ya bure yanaukosa kuliko fedha ni mtu mzima wa pili chumbani. Sababu ya kwanza ni usalama. Hakuna mtu mzima, hata awe mwema namna gani, anayepaswa kubaki peke yake na watoto wa watu nyuma ya mlango uliofungwa. Wawe wawili siku zote, mlango uwe wazi, na ujumbe wowote wa simu upite kwa wazazi. Sababu ya pili ni kwamba mwalimu mmoja hawezi kusikiliza makundi matano ya watoto yanayobishana kwa wakati mmoja. Anahitaji mtu wa kukaa na kundi moja na kusema mambo matatu: "Nionyeshe." "Umejuaje?" "Je, ni hivyo kila mara?" Kwa maneno hayo matatu huhitaji kujua jibu. Ukweli ni kwamba asiyejua jibu huyasema vizuri kuliko mimi, maana mimi uso wangu hunisaliti.

Jaribu hili nyumbani usiku huu. Chagua namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa ni shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa ni witiri, izidishe kwa 3 kisha ongeza 1. Unachopata, kifanyie vivyo hivyo. Ukianza na 7 unapata 22, 11, 34, 17, 52, 26, 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Anza na 6, anza na 9, utaishia kwenye 1. Anza na 27 uone maajabu: inapanda mpaka 9,232 na inahitaji hatua 111 kabla ya kutua. Je, kila namba inaishia kwenye 1? Swali hili linahusishwa na Mjerumani Lothar Collatz tangu 1937, na mpaka leo hakuna aliyelithibitisha. Mbele ya swali hilo wewe, mwanao na profesa yeyote mmekaa benchi moja. Kuzidisha kwa 3 na kuongeza 1 unaweza.

Kitu kimoja tu nakuomba ukiache mlangoni, nacho ni ile sentensi ya "mimi hesabu zilinishinda". Usiiseme mbele ya watoto, hata kwa utani. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa madarasa ya kwanza mawili ya shule ya msingi huko Marekani. Watoto ambao wazazi wao wanaogopa hesabu walijifunza hesabu pungufu kuliko wenzao katika mwaka, lakini hasa pale wazazi hao walipokuwa wakiwasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Palipokuwa hakuna msaada wa mara kwa mara, hofu ya mzazi haikuonekana kumfikia mtoto. Sisomi matokeo hayo kama amri ya kukaa mbali. Nayasoma hivi: hofu husafiri ndani ya msaada wa namna ya "leta nikuonyeshe". Wewe hutaonyesha, utaonyeshwa. Mtoto akimfafanulia mama yake kwa nini mechi ni 36, na mama akasema kwa dhati "hapo sijaelewa, rudia", amefundishwa na amefundisha kwa wakati mmoja.

Kuna kazi nyingine ambayo wazazi wanaiweza kuliko mwalimu: kuwatafuta wasiokuja. Darasa la bure likitangazwa kwa maneno ya mdomo, hujaa watoto wa wanaojuana. Bila mtu kukusudia, linakuwa zawadi kwa wale ambao wangepata tu mahali pengine. Mradi wa hisabati kwa watoto uitwao BEAM, ulioanza New York mwaka 2011, ambao nao ni bure, ulikwenda moja kwa moja kwenye shule ambazo wanafunzi wake wengi wanatoka familia za kipato kidogo, haukusubiri watoto wajilete. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa miguu yako. Nenda kwa mwalimu wa shule ya jirani, usimwombe watoto wanaoongoza. Mwombe wale wanaomchosha kwa maswali, na yule anayemaliza haraka kisha anachorachora pembeni ya daftari.

Waulizie wasichana kwa jina. Karibu kila kundi nililoliendesha, wasichana walianza sawa na wavulana na kuanza kupungua walipofika miaka 12 au 13, na mara nyingi ilikuwa kwa sababu mmoja alibaki peke yake akaona haya. Tukaanza kuwaalika wawili wawili, dada na rafiki yake, na wakabaki. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati, mwaka 2014, alisimulia kwamba alipokuwa shule ya kati kuna mwaka alifanya vibaya katika hisabati, kwa kuwa mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji naye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine wa kumtia moyo. Alikuja kupata medali ya dhahabu ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 1994, na tena 1995. Mwaka mmoja na mwalimu mmoja, kwa mtu wa kiwango kile.

Wazazi wenzako wakikuuliza kama jambo hili linaweza kudumu bila mfadhili mkubwa, una vya kuwasimulia. Mwaka 1894, katika mji wa Győr nchini Hungaria, mwalimu wa sekondari aitwaye Dániel Arany alianzisha jarida la maswali ya hisabati kwa wanafunzi. Lilitoa maswali, vijana wakatuma majibu kwa posta, majina ya waliopatia yakachapishwa. Jarida hilo, KöMaL, ukiondoa miaka ya vita na mingine iliyofuata vita, linatoka hadi leo, na mwanahisabati mashuhuri Paul Erdős alikuwa miongoni mwa vijana waliolitumia majibu kabla dunia haijamjua. Katika miji ya Leningrad na Moscow, enzi za Muungano wa Kisovieti, ambako olimpiadi za hisabati za wanafunzi zilianza 1934 na 1935, vikundi vya jioni viliendeshwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa chuo kikuu. Grigori Perelman, aliyetatua swali la Poincaré lililokaa takriban miaka 100, alilelewa katika kikundi cha namna hiyo. Mwaka 1964 mwanahisabati wa huko, Israel Gelfand, alianzisha shule ya hisabati kwa njia ya barua kwa ajili ya watoto walio mbali na miji mikubwa, na wanafunzi wa chuo kikuu wakasahihisha majibu yao.

Kinachonivutia katika hadithi hizo ni nani aliyekuwa akisimama ubaoni. Vikundi vile vilidumu kwa sababu waliolelewa ndani yake walirudi kulea. Kijana wa miaka 18 anayekumbuka mwenyewe alivyokwama kwenye swali lile lile ana subira ambayo sisi wazee tumeipoteza. Ndiyo maana ningewaomba mtenge sehemu ndogo ya mchango wenu, hata iwe nauli tu, kwa ajili ya kijana mmoja wa sekondari au wa chuo atakayemsaidia mwalimu kila Jumamosi. Sasa hivi ataonekana kama anasa. Baada ya miaka mitano mwalimu wenu akihama au akichoka, mtafurahi kwamba yupo. Na mwanao anapofika miaka 14, msimwondoe kwa kuwa amekua; mpeni kundi la wadogo.

Mengine yaliyobaki ni madogo. Mwalimu akikubali, andikeni barua moja fupi kwa shule, msikiti, kanisa au maktaba iliyo karibu kuomba chumba kwa saa mbili. Mahali pengi kuna chumba kinacholala mwisho wa wiki, na chumba cha bure ni mchango mkubwa kuliko mnachoweza kukusanya. Mwenye duka la fotokopi msimwombe fedha, mwombeni kurasa 50 kwa wiki. Anayejua kushona atengeneze vifuko vya kete.

Na mumeo, kabla hajaenda kukaa nyuma ya darasa, mpe bodi ya drafti. Ina miraba 64. Mwambie azibe miraba miwili ya kona zinazokabiliana kwa mshazari, ibaki 62, kisha mpe vipande 31 vya dhumna, kila kimoja kinafunika miraba miwili iliyopakana. Je, anaweza kuifunika yote? Asiambiwe kwamba rangi za miraba zina habari. Akikuambia haiwezekani, muulize amejuaje.